Mama akisikia gitaa lile, mkono husimama juu ya ungo. Ni nini kinachomshika?

#1 Mwana_wa_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana limenikaa kifuani tangu Ijumaa.

Nyumbani kwetu ni Ngamiani, Tanga. Ijumaa baada ya sala mama alikuwa kibarazani anachambua mchele, ungo mapajani, na mke wangu pembeni yake yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikawawekea taarabu ya zamani ya hapahapa kwetu, enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, ile sauti ya marehemu Bi. Shakila Saidi. Wimbo wenyewe, kabla mwimbaji hajaingia, kuna gitaa linaanza peke yake. Linashuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi gizani, linafika mahali linasita, halafu bongo zinadakia na rumba inaanza.

Pale linaposita, mkono wa mama ukasimama. Chuya aliyokuwa ameishika kwa ncha za vidole hakuitupa. Macho yakalowa. Bongo zilipoingia tu, chuya ikatupwa na mkono ukaendelea na kazi kama vile hapakuwa na kitu.

Mke wangu ni Msukuma, kazaliwa na kukulia Magu. Kwa wimbo huohuo, dakika hiyohiyo, yeye alikuwa anatikisa mabega na kukuna nazi kwa kufuata mdundo. Akaniambia, "Huu wa kuchezea kabisa, ongeza sauti."

Redio moja, kibaraza kimoja. Mmoja chozi, mwingine mabega.

Mimi ni mpiga gitaa. Napiga kwenye maharusi hapa Tanga, Muheza hadi Pangani, mwaka wa kumi na tatu huu. Siku zote nilijua kwamba nyimbo fulani ni za huzuni na nyingine ni za furaha, na kwamba kazi yangu ni kuchagua. Sasa sina uhakika. Je, huzuni imo ndani ya wimbo, au imo ndani ya mama? Kama imo ndani ya wimbo, mke wangu mbona haikumpata? Kama imo ndani ya mama, mbona anashikwa palepale, nukta ileile, kila mara? Maana nimejaribu tena Jumamosi bila kumwambia, na mkono ukasimama vilevile.

Wenye elimu, wenye umri, wenye ngoma zao, karibuni.

#2 Binti_Raskazone

Nafuatilia. Bibi yangu alikuwa hivyo kwa nyimbo za sinema za Kihindi. Alizijua tangu ujana wake, siku za kwenda sinema kwa foleni hapa mjini. Kihindi hakujua hata la kuombea maji, lakini alikuwa analia kwa wakati wake.

#3 Mizani_na_Vina

Mwana wa Ngamiani, naomba nitofautiane na wewe mapema, kabla uzi haujaenda mbali.

Taarabu ni shairi. Ina mizani, ina vina, ina kibwagizo, na juu ya yote ina fumbo. Mama yako anayajua maneno yanayokuja, na huenda maneno yale yaliwahi kumgusa yeye mwenyewe katika maisha yake. Watu wazima wa Tanga hawakuwa wanakwenda kumtunza mwimbaji kwa sababu gitaa ni tamu. Mwanamke anasikia ubeti, anajua "hapa nimesemwa mimi" au "hapa kasemwa fulani", anainuka, anatembea mpaka mbele na noti yake mkononi, na ukumbi mzima unajua kamjibu nani. Hisia ile yote imebebwa na maneno. Mkeo hajalelewa kwenye mafumbo yale, ndiyo maana kapata mdundo peke yake. Ondoa maneno, huna taarabu.

Mimi nimekulia kwenye utunzi, natetea ninachokijua.

#4 Mwana_wa_Ngamiani

Mizani, nakuheshimu, na kuhusu kutunza umesema kweli tupu. Lakini rudi kwenye nilichoandika: mkono unasimama *kabla* ya neno la kwanza. Na bibi yake Binti Raskazone analilia lugha asiyoijua. Na hata hapa Pwani, wazee wetu wangapi walikuwa wanakaa na redio usiku kumsikiliza Umm Kulthum kutoka Cairo, Kiarabu chao kikiwa cha kuswalia tu? Hawa nao tuwaweke wapi?

#5 Zamu_ya_Usiku

Salaam kwenu. Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto, na nitasema nilichokiona kwa macho kisha nitasema nilichokisoma.

Usiku mmoja tulikuwa na mtoto wa miezi minane hivi, wa wafugaji kutoka bara huko Kilindi. Mama yake alikuwa ametoka kidogo na mtoto akaamka akalia kilio kile cha kujikaza mgongo. Nikamchukua. Mimi ni Msambaa wa Lushoto, na wimbo wa kubembeleza ninaoujua ni mmoja tu, wa bibi yangu, wa Kisambaa. Nikamwimbia. Mtoto yule hajawahi kusikia Kisambaa, na sidhani kama amewahi kusikia mahadhi yale. Kwanza aliacha kujikaza. Kisha ngumi ikafunguka, kidole kimojakimoja. Beti la tatu kalala.

Nilipokwenda kutafuta nikakuta wapo watu wamelifanyia utafiti jambo hili. Mwaka 2018 ilitoka kazi moja ambayo walichukua nyimbo kutoka jamii 86 za dunia nzima, jamii ndogondogo, wakakata vipande vya sekunde 14 tu na kuwasikilizisha watu 750 wa nchi 60 kwa njia ya intaneti. Swali likawa: wimbo huu unadhani ni wa kazi gani? Wa kuchezea, wa kubembeleza mtoto, wa kuagulia mgonjwa, au wa mapenzi? Wa kuchezea na wa kubembeleza watu waliutambua vizuri, ingawa hawakuelewa lugha wala hawakuijua jamii yenyewe. Wa kuagulia walipata kwa kiasi kidogo. Uliowashinda ni wa mapenzi.

Nilivyosoma hapo nikafikiria taarabu. Kumbe mapenzi ndiyo yanayofichwa zaidi na kila jamii ndani ya namna yake ya kuimba.

Na wakapimwa watoto wachanga kule Marekani, wakaimbiwa nyimbo za kubembelezea za mataifa mengine kwa lugha ngeni kwao, na mapigo ya moyo yakashuka kuliko walipoimbiwa nyimbo za aina nyingine. Kwa hiyo Mizani, samahani kaka yangu, yapo mambo ambayo sauti inayafanya bila neno. Mwili unatulia kwa sababu sauti imetulia: mwendo wa pole, inashuka, inajirudia, haina kishindo cha ghafla. Mtoto wa Kilindi na mtoto wa Boston wanapewa kitu kilekile.

Lakini mamako si mtoto mchanga. Kwake yeye kuna zaidi.

#6 Utando_wa_Buibui

Nipo Bagamoyo, nimesoma sanaa hapahapa chuoni, siku hizi natengeneza ala. Naomba nilete upande mwingine, kwa sababu naona Zamu ya Usiku anatuvuta kwenye "sote tuko sawa", na mimi nimeumia kwa kuamini hivyo.

Mnaijua ilimba ya Wagogo? Sanduku la mbao, vyuma juu yake, unapiga kwa vidole gumba. Kwenye ubao kuna matundu, na juu ya matundu yale tunabandika utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake. Unautafuta kwenye kuta za nyumba za zamani, unaubandua taratibu kwa ncha ya kisu usichanike. Kazi yake ni nini? Ukipiga chuma, utando unatetema na kutoa mvumo kama wa nyuki juu ya sauti. Bila mvumo ule ilimba haijasema. Marehemu Hukwe Zawose, aliyeifanya Bagamoyo kuwa makazi yake mpaka alipofariki mwaka 2003, aliupeleka mvumo huo kwenye majukwaa ya dunia.

Sasa nilikwenda kurekodi studio moja Dar, sitaitaja. Fundi akasikiliza, akasema spika zake zinapasuka. Akakagua nyaya. Nikamwambia ni ilimba yenyewe. Akasema sawa, tutasafisha. Akauondoa mvumo wote kwa mashine. Nilikuwa kijana, nikaona labda ndiyo ubora. Nikarudi na kazi ile nikamwekea mzee wa Kigogo aliyenifundisha kupiga. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Akasema, "Umeleta vyuma. Ilimba iko wapi?" Nilishindwa kumtazama. Kile ambacho kwa fundi ni kasoro ya kusafishwa, kwa mzee ndiyo roho inayomtoa machozi.

Na si kwetu tu. Kuna watu wa msitu wa Amazon, nchi ya Bolivia, wanaitwa Watsimane. Wao desturi yao ni kuimba mmojammoja, hawapangi sauti mbili zikaenda pamoja. Mwaka 2016 ulitoka utafiti: wakasikilizishwa sauti zinazopatana, zile ambazo wanamuziki wa Ulaya wamefundishwa kuwa ni tamu kwa maumbile, na sauti zinazogombana, ambazo Mzungu anakunja uso. Watsimane wakaona zote sawa kwa utamu. Kabisa. Kicheko cha mtu na sauti ya mtu aliyeshtuka walizipambanua kama watu wengine wote, lakini kupatana na kugombana kwa sauti hakukuwagusa.

Halafu mlinganishe na Wagogo, ambao wanawake wakishika muheme katikati ya mapaja na kuanza, sauti zinapangana tabaka juu ya tabaka, kwa ngazi ya sauti ambayo kinanda cha dukani hakina. Mgogo aliyekulia ndani ya sauti zile sikio lake limelelewa. Utamu unalelewa, wakuu. Kama ulimi unavyolelewa na pilipili.

#7 Mizani_na_Vina

Utando, hiyo ya mzee imenigusa. Nakubali kwamba neno si yote. Sijakubali kwamba neno si kitu.

#8 Ustadhi_Duga

Assalaam alaykum. Nimesita kuingia, nikaona niingie kwa sababu kuna neno moja hapa hamjalifungua.

Kwanza naweka mpaka: kisomo cha Kurani si muziki, na sitaki kunukuliwa vibaya. Lakini sauti za kusomea zina majina, na majina hayo ndiyo hayohayo waliyonayo wapiga ala za udi na kanuni wa Misri: rasti, bayati, saba, hijazi, nahawandi na nyingine. Kila moja ina njia yake ya kupanda na kushuka. Saba ndiyo ya majonzi. Ina sauti iliyokaa katikati ya sauti mbili, ambayo kinanda cha kawaida hakiwezi kuigusa. Uturuki adhana ya alfajiri huadhiniwa kwa saba.

Nina mwanafunzi wa miaka kumi. Mtoto wa michezo, ukimwona barabarani huwezi kudhani. Siku moja kwenye hafla akasoma kwa saba. Yeye mwenyewe hakuwa na huzuni yoyote, alikuwa anafuata nilivyomfundisha. Nyuma kule kwa kina mama nikaona khanga zinavutwa usoni, moja baada ya moja. Wale akina mama hawajui jina la sauti ile. Wameisikia tangu tumboni, kwenye hitima, kwenye maulidi. Kwa hiyo nakubaliana na Utando kwamba sikio linalelewa.

Sasa hilo neno. Taarabu imetoka kwenye Kiarabu, *tarab*. Ilikuja Unguja zama za Sultani Barghash, aliyempeleka mtu Misri kujifunza, na kikundi cha Ikhwan Safaa kikaundwa mwaka 1905, kisha ikaenea mwambao mpaka kwenu Tanga mkaigeuza kwa magitaa. Watu wengi wakiulizwa tarab ni nini husema "furaha" au "starehe". Wanalugha wa zamani wa Kiarabu hawakusema hivyo. Wamesema ni wepesi unaompata mtu kwa furaha kali *au* kwa huzuni kali. Yote mawili kwa jina moja. Hawakuyatenganisha.

Mwana wa Ngamiani, wewe umeandika "huzuni" mara ngapi kwenye bandiko lako? Umemuuliza mama?

#9 Mwana_wa_Ngamiani

Sijamuuliza, ustadhi. Nilimuonea haya.

#10 Mtoto_wa_Manamba

Shikamooni wakubwa wenzangu, marahaba kwa wadogo. Nina miaka 71, najua kuandika kwa simu kwa msaada wa mjukuu.

Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Mnajua mkonge uliingia mwaka 1893, Mjerumani Hindorf alileta miche michache iliyonusurika safarini, na kutoka hapo mashamba yakaumeza mkoa huu. Watu waliletwa kutoka kila pembe na kupewa namba, ndiyo wakaitwa manamba. Nimezaliwa kambini. Jumapili kila kabila lilikuwa na uwanja wake: Wamakonde kule, Wanyamwezi hapa, Waha na Warundi upande wa mto. Mtoto alikuwa anapita uwanja hadi uwanja kama anayetembea nchi nzima kwa saa moja.

Jambo ninalolikumbuka: usiku mmoja kambi ya majirani ngoma ililia kwa nguvu, watu wanacheza, jasho, vumbi. Nilikuwa na miaka saba, nikakimbilia huko nikidhani kuna arusi, nikaanza kucheza na mimi. Mama mmoja akanishika bega akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tunamzika mtu." Hakuniambia niache. Alisema tu nijue. Nikaendelea kucheza, lakini miguu ikawa mingine.

Baadaye nilifanya kazi Mombasa nikaona kwa Wagiriama wana kifudu, ngoma ya matanga. Na mjukuu ananionyesha video za Wamarekani weusi wa New Orleans: wanampeleka maiti makaburini kwa matarumbeta ya pole yanayotambaa, wakirudi wanapiga ya kuchangamka, watu wanacheza na miavuli. Mtu wa nje atasema hawa wamefurahi. Hawajafurahi. Wanamsindikiza.

Ndiyo maana nikisoma kwamba mtu wa mbali anaweza kutambua wimbo kwa kuusikia, nasema sawa, atatambua kwamba unachezeka. Kinachochezewa hawezi kukijua mpaka ashikwe bega.

#11 Binti_Raskazone

Shikamoo babu. "Miguu ikawa mingine." Nimeisoma mara tatu.

#12 Kaole_Pwani

Nami niongeze kidogo tu kwa mliotaja Bagamoyo. Jina lenyewe la mji huu linaelezwa kuwa limetokana na "bwaga moyo". Kuna wanaosema ni neno la wapagazi, Wanyamwezi waliotembea miezi kutoka bara na pembe za ndovu mabegani, wakiuona mji wanaimba: mzigo chini, moyo utue. Na kuna wanaosema ni neno la waliofungwa minyororo, waliofika hapa kusubiri jahazi: moyo uache hukuhuku, mwili ndio unaovuka. Neno moja, ufuo mmoja. Sisi tuliozaliwa hapa tunayabeba yote mawili, na tukiimba jina la mji wetu sijui kama yupo anayeweza kukwambia analiimba kwa moyo upi.

#13 Zamu_ya_Usiku

Nimetoka zamu, sijalala, nimerudi hapa moja kwa moja.

Ustadhi na Babu mmenikumbusha utafiti mwingine ambao nadhani ndio unaomhusu mama yetu wa Ngamiani. Ulitoka mwaka 2015. Walichukua watu 40 wa jamii ya Wambenzele, wanaoishi ndani ya msitu wa Kongo Brazzaville, na wanamuziki 40 wa Montreal, Kanada. Kila kundi likasikilizishwa muziki wa kwao na wa wenzao. Wakawapima mapigo ya moyo, pumzi, jasho la ngozi, na kuwauliza: unajisikia vizuri au vibaya, umetulia au umesisimka?

Kwenye kusisimka na kutulia kwa muziki wa Kizungu, makundi yote mawili yalikwenda karibu sawa. Wimbo wa kasi na wa sauti kali uliamsha mwili wa Mmbenzele kama wa Mkanada. Lakini kwenye swali la *vizuri au vibaya*, wakaachana. Wakanada walisema huu wa Kizungu unawafanya wajisikie vizuri, huu vibaya. Wambenzele hawakuyafuata majibu hayo. Kwao kuimba ni kazi ya kuondoa ubaya: wanaimba kabla ya kuwinda, mtoto akilia, msibani, hasira ikiingia kambini. Wimbo unaotengenezwa ili ukuhuzunishe hauna nafasi yake.

Kuna pia uliofanywa Kameruni ya kaskazini kwa Wamafa, mwaka 2009, ukaonyesha kwamba walizitambua furaha, huzuni na hofu kwenye muziki wa kinanda cha Kizungu ambao hawakuwahi kuusikia. Naukubali. Lakini waliwekewa nyuso tatu za kuchagua. Ukinipa nyuso tatu nitachagua moja. Na kama ninachosikia hakina uso hapo?

La mwisho, kuhusu mkono kusimama kabla. Montreal hukohuko walitazama ubongo wa watu wakati wanasikiliza wimbo wanaoupenda mpaka vinyweleo vinasimama, ikatoka mwaka 2011. Kemikali ya raha inaanza kumiminika *kabla* ya mahali penyewe, wakati mtu anapangoja. Anajua panakuja, na kule kungoja ndiko raha inakoanzia. Mkeo hana cha kungoja, shemeji yangu huyo hajui panakuja nini. Mama anajua.

#14 Mizani_na_Vina

Muulize mama, Mwana wa Ngamiani. Sote tunasubiri.

#15 Mwana_wa_Ngamiani

Wakuu, samahani kwa kuchelewa. Nimemuuliza Alhamisi usiku, nikiwa peke yangu naye, umeme umekatika, taa ya chemli katikati yetu.

Nilianza kwa kuzunguka. Nikamwambia, mama, ule wimbo unakukumbusha nani? Baba? Akanitazama. "Nani kakwambia namkumbuka mtu?" Nikamwambia nimeona unahuzunika. Akasema, na nayaandika kama alivyoyatamka: "Sihuzuniki. Naona raha mpaka nachoka."

Nikanyamaza. Ustadhi, nilikukumbuka wewe palepale.

Kisha akanieleza kitu ambacho miaka kumi na mitatu ya gitaa sikukijua. Akasema pale linaposita si kwamba mpigaji amesita. Ukumbini, enzi zao, mpiga gitaa akifika pale alikuwa anainua macho kuwatazama wanawake na *kuwangoja*. Ile nafasi ilikuwa ya kuinuka. Waliotaka kwenda mbele kucheza au kutunza waliinuka pale, wote kwa pamoja, na bongo hazikuingia mpaka wawe wamesimama. Akasema kwenye sahani ya santuri nafasi ile imebaki, watu hawasikiki. Lakini yeye anawasikia. Akafanya hivi kwa mikono, akaikusanya khanga yake mapajani, akaiachia: "Khanga zikiinuka pamoja zina sauti yake. Kama upepo umeingia mnazini. Nikifika pale nazisikia."

Nikamuuliza mbona basi macho yanalowa. Akasema, "Miguu imechoka kuinuka. Wewe unadhani kitainuka nini?"

Sikuwa na swali lingine.

Mke wangu nilimsimulia asubuhi. Alikaa kimya, kisha akasema kwao kwenye ngoma za Bagalu na Bagika pia kuna mahali ambapo kila mtu anajua pa kuingilia, na mgeni haoni chochote pale zaidi ya vumbi. Akaniomba nimwekee wimbo tena, asikilize pale. Akasema sasa anasikia kwamba pana nafasi, lakini bado mabega ndiyo yanayomjibu, hawezi kudanganya.

Jana Jumamosi tulipiga harusi Makorora. Tuliuweka wimbo ule katikati ya usiku. Nimezoea kupita pale haraka, kama nilivyojifunza kwenye redio, kwa sababu niliona ni ukimya wa bahati mbaya kwenye rekodi. Jana nilishuka ngazi zangu, nikafika, nikaiacha kamba inyamaze, nikainua macho nikawatazama akina mama waliokaa upande wa kulia, karibu na masufuria ya pilau. Nikangoja.

Kijana wetu wa bongo, miaka ishirini na mbili, akaniegemea akaninong'oneza, "Kaka, umesahau?" Nikamtikisia kichwa kwamba asiingie.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha bibi mmoja mwenye miwani akainuka. Halafu watatu kwa pamoja. Nilizisikia khanga.

Nikamkonyeza kijana apige.